Magharibi Ni Kwetu: Waacheni Makauboi Wapite

Neno "magharibi" lina matata hapa kambini. Mwambie mtumishi wa shirika kwamba unapenda filamu za magharibi, atafikiri unasema Hollywood yote, mapenzi na magari. Mwambie kijana wa banda umiza, atafikiri kauboi, farasi, na bastola inayozungushwa kidoleni. Mwambie bibi yeyote wa mtaa wetu, atanyoosha mkono kuelekea ziwani: magharibi ni Baraka, ni Fizi, ni Uvira, ndiko tulikozika watu wetu. Mimi leo nasema juu ya filamu za kauboi. Lakini yule bibi naye yumo kwenye hoja yangu.

Hoja imeanzia kwenye maneno yanayozunguka siku hizi. Kuna watu wanataka mabanda ya video yasionyeshe tena "filamu za bunduki". Nimewasikia kwa masikio yangu kikaoni: mchungaji mmoja, mzee mmoja wa mtaa ambaye namheshimu, na dada mmoja wa shirika ambalo sina haja ya kulitaja. Wanasema vijana wanajifunza ukatili. Wanasema badala yake ziletwe filamu "zenye mafunzo". Watu wakapiga makofi, maana kikao kilikuwa na soda.

Haya, tuongee.

Filamu zenye mafunzo tunazijua. Kunawa mikono. Neti. Choo. Mama mjamzito kwenda kliniki. Sipingi sabuni, bwana. Sisi watu wa Kivu tunakumbuka kipindupindu cha Goma cha 1994 kilichofanya kazi gani. Ninachopinga ni kudhaniwa kwamba mtu aliyekimbia vita mara mbili, aliyevuka Tanganyika usiku na watoto wamefunikwa turubai, akili yake inatosha kwa sabuni tu. Yule mtu anayenawa mikono kwenye filamu anatabasamu tangu mwanzo hadi mwisho. Hana deni, hana jirani mbaya, hana marehemu. Mtu wa namna hiyo hapa kambini sijamwona bado.

Na wazo lenyewe ni kuukuu. Kati ya 1935 na 1937, katika nchi hii hii, kule Vugiri kwenye milima ya Usambara, Waingereza walifanya jaribio la kuwatengenezea Waafrika filamu za kuwafundisha: kilimo, minyoo, kuweka akiba posta. Baadaye kikaja kitengo cha filamu za makoloni chini ya William Sellers, aliyeamini kwamba filamu ya Mwafrika lazima iende polepole, picha zisirukeruke, mambo yawe machache, eti macho yake hayajazoea. Ng'ambo, Kongo ya Mbelgiji, kulikuwa na kamati ya kuamua mtu mweusi aone nini na asione nini, na mapadri nao wakatengeneza za kwao, kama zile za vichekesho za Matamata na Pilipili. Na vijana wa Léopoldville wakafanya nini? Wakaenda kuangalia kauboi. Miaka ya 1950 walijiita Bill, kwa jina la Buffalo Bill, wakavaa kofia na vitambaa vya shingoni, wakatunga mpaka lugha yao, Hindubill. Sitawasafisha: kati yao walikuwemo wahuni wa kweli, na wasichana waliteseka mikononi mwao. Lakini walikuwa wamekwisha kukataa kuchaguliwa picha kama mtoto anavyochaguliwa uji.

Sasa hiyo ya ukatili. Waliokuja kijijini kwetu usiku hawakuwa wametoka sinema. Hakukuwa na sinema. Kulikuwa na dhahabu, kulikuwa na mpaka, kulikuwa na wakubwa wenye simu za setilaiti. John Wayne hakuhusika. Mchungaji akitaka kujua kijana alijifunzia wapi kushika bunduki, amuulize kijana mwenyewe, atajibiwa kwa jina la msitu.

Lakini msifikiri natetea wenye mabanda. Nao nina ugomvi nao, tena mkubwa zaidi, maana hawa wanaharibu chakula ambacho wenzao wanataka kukimwaga.

Banda letu linajaa, mtu analipa sarafu yake, anakaa kwenye gogo. Filamu inaanza. Watu wawili wanaongea juu ya shamba, juu ya maji, juu ya mtoto aliyefariki. Nyuma wanapiga kelele: "Peleka mbele! Kata maneno!" Mwenye rimoti anapeleka mbele mpaka kwenye risasi. Mkalimani naye, badala ya kutafsiri kama alivyofanya Lufufu kwa wenzetu Watanzania, anatia matani yake, anamwita kila mzungu "Kabila". Tunatoka tumeona watu kumi na wanane wakianguka kwenye farasi na hatujui hata mmoja alikuwa anagombania nini. Watanzania wanasema stelingi hauawi. Sisi tunasema akteri hafe. Sawa. Lakini filamu nzuri za kauboi ni zile ambazo akteri hafe, halafu unabaki unajiuliza kama ni heri angekufa.

Chukua The Magnificent Seven, ya 1960, ambayo Wamarekani waliichukua kwa Mjapani Kurosawa. Kijiji cha wakulima kinavamiwa kila msimu na Calvera na watu wake, wanachukua mavuno. Wakulima wanachanga, wanakwenda kuajiri wanaume saba wenye bunduki. Banda zima linashangilia wale saba. Mtu wa Kivu anatakiwa akae kimya hapo na kufikiri. Kwani sisi hatukuwa na vijana wa kulinda kijiji? Si tuliwapa kuku, tukawapa mihogo, tukawaombea? Na mwaka wa tatu ni nani aliyekuwa anachukua mavuno? Filamu inajua swali hilo. Katikati, baadhi ya wakulima wenyewe wanamfungulia Calvera mlango, kwa sababu wamechoka kuwalisha walinzi na kuogopa kwa wakati mmoja. Sehemu hiyo ndiyo mwenye rimoti huipeleka mbele. Kule Kivu tumeimaliza bila rimoti.

Au chukua Unforgiven ya Clint Eastwood, 1992, iliyopata tuzo ya Oscar ya filamu bora. Hii ningependa ionyeshwe kwa watu wote wa kambi, zoni zote, na viongozi wa mitaa wakae mstari wa mbele. Inaanza hivi. Katika mji mdogo wa Wyoming, mwanamke wa danguro anakatwakatwa uso kwa kisu na mteja. Sherifu anaitwa. Anaamua kesi palepale usiku, anataka iishe kabla ya kulala: waliohusika watalipa farasi. Farasi wanakwenda kwa nani? Kwa mwenye baa! Kwa sababu yeye ndiye aliyepata hasara, "mali" yake imeharibika. Mwanamke mwenyewe hapewi kitu, hata pole.

Wamama wanaosoma hapa wamekwisha kuelewa. Ni mara ngapi msichana anaharibiwa, wazee wanakaa, baba anapewa mbuzi au pesa ya simu, na mambo yanaitwa yamekwisha, "tumeyamaliza kifamilia"? Wanawake wa ile filamu wanakataa. Wanachangishana akiba yao, wanaweka dola 1,000 kwa atakayewaua wale watu. Na hapo filamu inakuwa ngumu, kwa sababu kisasi kinachonunuliwa kinakula wasiohusika. Mmoja wa wale wawili, yule mdogo ambaye hakushika kisu, anamletea msichana farasi wake mzuri kuliko wote kama kuomba msamaha, nao wanamtupia matope. Atauawa pia, tena polepole, akilia maji. Dada wa kikao anasema filamu hizi zinafundisha kuua. Je, amemwona yule kijana anayejiita Schofield Kid? Anajisifu njia nzima kwamba ameua watu watano. Haoni hata mbali, macho yake mabovu. Akiua mtu kwa mara ya kwanza, mtu aliyekaa chooni, bila silaha mkononi, anaketi chini ya mti, anakunywa, anatetemeka, analia, anarudisha bastola, haitaki tena. Ninawajua vijana hapa kambini waliokaa chini ya mti namna hiyo. Wamehudhuria semina nyingi. Sijasikia semina iliyowaambia kilicho ndani ya dakika zile nne au tano.

The Searchers, 1956, John Wayne tena, nitaisema kwa ufupi ingawa inauma. Msichana ametekwa na Wakomanche akiwa mdogo. Baba yake mdogo Ethan anamtafuta miaka. Unafikiri anataka kumrudisha nyumbani. Kumbe, kadiri miaka inavyopita, anataka kumuua, kwa sababu ameishi na waliomteka, "ameharibika". Ni filamu yenye chuki nyingi ndani yake, na imewachora Wakomanche vibaya. Lakini yule Ethan namfahamu. Ni mjomba yule anayesema binti aliyetoka msituni asilale nyumba moja na watoto.

Na hapo ndipo nafika kwa wale tunaowaita Wahindi Wekundu, ambao si Wahindi na si wekundu.

Jamani, aibu. Banda limejaa watu waliofukuzwa kwenye ardhi yao, wanakula mgao, wanahitaji kibali kutoka nje ya kambi, na wanampigia makofi mzungu anayewapiga risasi watu waliofukuzwa kwenye ardhi yao, wanaokula mgao, wanaohitaji kibali kutoka nje ya eneo walilotengewa! Sisemi mfano wa kulazimisha. Katika maeneo yale ya Marekani kulikuwa na siku ya mgao. Kulikuwa na tiketi ya mgao kwa kila familia. Kulikuwa na wakala wa serikali mwenye daftari. Nyama ilikuwa inapungua kabla ya kufika. Mtu akitaka kwenda kumtembelea shemeji yake mbali, anaomba ruhusa.

Kwa hiyo filamu yangu ya kwanza kabisa, ambayo hakuna banda lililowahi kuionyesha, ni Cheyenne Autumn ya John Ford, ya 1964. Ford alikuwa mzee, alikuwa amewaangusha Wahindi wengi sana kwenye filamu zake, na hii ilikuwa filamu yake ya mwisho ya kauboi. Inasimulia jambo lililotokea kweli. Mwaka 1877 Wacheyenne wa kaskazini walipelekwa kusini, katika nchi ambayo leo ni Oklahoma, joto, homa, chakula kidogo. Watoto wakafa. Septemba 1878 watu zaidi ya 300, wengi wao wanawake, wazee na watoto, wakiongozwa na Little Wolf na Dull Knife, wakaondoka usiku bila kibali. Wakatembea kurudi kwao, zaidi ya kilomita elfu moja, jeshi likiwafuata.

Tazama mwanzo wake tu. Wacheyenne wamepanga mistari juani tangu asubuhi. Wamevaa nguo zao nzuri. Wanasubiri ujumbe wa wakubwa kutoka Washington waje waone wanavyoishi. Saa zinakwenda. Wazee wamesimama. Meza imeandaliwa, viti viko tayari. Wakubwa hawaji. Wamepata mambo mengine.

Ni nani hapa anahitaji mkalimani kwa sehemu hiyo? Tumesimama juani mara ngapi, tumeimbisha watoto, tumefagia mpaka njia ya makaburi, kwa gari ambalo halikufika au lililofika na kufungua kioo nusu? Nyinyi mnaofanya kazi kwenye mashirika, nawaomba muione sehemu hiyo mkiwa mmekaa katikati yetu, msikae kwenye viti vya pembeni.

Filamu ina kasoro, na nazisema. Wakubwa wa Wacheyenne wanachezwa na watu kama Ricardo Montalbán na Gilbert Roland, Wameksiko, na wengine ni Wanavajo wanaoongea Kinavajo, si Kicheyenne. Katikati kuna vichekesho vya Dodge City na James Stewart, havina maana yoyote. Hapo ndipo mwenye rimoti angepata kazi halali. Halafu kuna mheshimiwa Carl Schurz, waziri aliyekuwa na dhamana ya Wahindi wote, ambaye mwishoni anakuja kama mwokozi. Huyo Schurz mnajua alikuwa nani? Mkimbizi! Alikuwa Mjerumani, alikimbia nchi yake baada ya mapinduzi ya 1848 kushindwa, akaja Marekani, akawa mtu mkubwa. Anayemwigiza, Edward G. Robinson, alizaliwa Bucharest, mtoto wa Wayahudi waliohama. Filamu inataka tumpende. Mimi ninamtazama na kufikiria jinsi mkimbizi anavyoweza kupata meza, kalamu na muhuri, na siku moja akasaini karatasi ya kuwarudisha wengine walikotoroka. Sitaki kutaja kamati zetu wenyewe za kambi. Nimekwisha kuzitaja.

Historia ilikuwa kali kuliko filamu. Kundi la Dull Knife lilikamatwa, likafungiwa kwenye boma la Fort Robinson, Nebraska. Walipokataa kurudi kusini walinyimwa chakula na kuni katika baridi ya Januari. Usiku wa tarehe 9 Januari 1879 wakavunja madirisha, wakatoka. Makumi waliuawa kwenye theluji. Lakini 1884 Wacheyenne wa kaskazini walipata eneo lao Montana, na wako huko mpaka leo. Mwaka ule ule wa 1879, mzee wa Waponca aitwaye Standing Bear alikamatwa kwa kosa la kurudi kwao bila ruhusa akamzike mwanawe. Ikabidi jaji wa Omaha aandike hukumu kwamba Mhindi ni mtu mbele ya sheria. Ndiyo, ilihitaji hukumu. Nilimsimulia bibi yule niliyemtaja juu. Hakuuliza habari za jaji. Aliuliza, "Mtoto alizikwa?" Alizikwa.

Watasema filamu hizi ni za wazungu, kwa nini tusiangalie zetu. Ziletwe! Moustapha Alassane wa Niger alitengeneza ya kwake ya kauboi mwaka 1966, vijana wa kijiji wanaletewa nguo za kauboi kutoka Marekani na mambo yanaharibika. Sissako, katika Bamako ya 2006, ametia kipande cha kauboi katikati ya kesi dhidi ya Benki ya Dunia, Danny Glover yumo. Na mkitaka kucheka tu, chekeni na Trinity, Terence Hill na sufuria yake ya maharage. Mtu anayekula maharage namna ile anastahili kadi ya mgao hapa.

Kwa watumishi wa mashirika nina mbili za mkurugenzi mmoja. High Noon ya 1952 ni fupi, haifiki saa moja na nusu. Sherifu amefunga ndoa asubuhi, adui anakuja na treni ya saa sita mchana, na anazunguka mji mzima kuomba msaada. Jaji anafunga mizigo. Rafiki anamtuma mkewe aseme hayupo nyumbani. Kanisani wanajadiliana vizuri sana, kila mtu anapewa nafasi ya kutoa maoni, na mwisho hakuna anayesimama. Kikao cha kanisa kile kingeandikiwa ripoti nzuri. Mwandishi wake, Carl Foreman, alikuwa anahojiwa wakati huo na kamati ya Bunge iliyowinda wakomunisti, akakataa kutaja majina ya wenzake, akanyimwa kazi, akahamia London. Mwenye muziki, Dimitri Tiomkin, alitoka Ukraine akaondoka baada ya mapinduzi ya Urusi. Mkurugenzi, Fred Zinnemann, ni Myahudi wa Austria; yeye aliondoka mapema, wazazi wake wakauawa na Manazi. John Wayne aliichukia filamu hii, akasema si ya Kimarekani. Labda aliona sawa.

Ya pili si ya kauboi. Miaka minne kabla ya High Noon, Zinnemann alikwenda Ujerumani iliyobomoka akatengeneza The Search, juu ya mtoto aliyetoka Auschwitz asiyekumbuka jina lake, na mama yake anayetembea kutoka kambi moja hadi nyingine akimuulizia. Kuna watumishi wenye fomu, kuna malori, kuna watoto wanaoogopa malori. Hakuna bunduki hata moja inayolia, mchungaji anaweza kuja. Yule dada wa kikao, nimeambiwa, ofisi yake ndiyo inayotafutia watoto wazazi wao. Ninayo kwenye flashi. Haifiki saa mbili, betri ya sola ya banda inaitosha, na mwenye rimoti nimekwisha kuongea naye.